Mama Mkwe Si Chanzo

Bwana Foppe Meinsma alifika saa nne kamili asubuhi, saa ya kahawa, maana Foppe hajawahi kupitwa na mkebe wa biskuti wa mtu yeyote hapa kijijini Lutkezijl. Mkononi alikuwa na bahasha ya kahawia. Shingoni alikuwa na skafu ya bluu, ile ambayo kamati ya ukumbusho wa mafuriko ilijinunulia kabla haijanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Alikaa, akapewa kikombe na biskuti moja, Tjitske, mwenye nyumba, akaufunga mkebe, na Foppe akausindikiza kwa macho mpaka kabatini.

"Nimekuja kiungwana tu," alisema. "Fundi anakaribia kuchonga jiwe, na kamati imeona familia ya mlinzi iyasikie maneno kwanza. Haikuwa lazima."

Mlinzi huyo ni Gerlof Boonstra, aliyekuwa akilinda lango la maji kwenye tuta la bahari, babu yake Tjitske, na alishakufa zamani. Binti yake, Bibi Aukje, mama yake Tjitske, ana miaka sabini na saba na anaishi chumba cha nyuma cha nyumba hiyo tangu alipovunjika nyonga. Tjitske alimwita. Alikuja taratibu akisukuma kigari chake cha kutembelea, akakataa kusaidiwa, akakaa mwenyewe.

Foppe alisafisha koo, akasoma: "'Tarehe 9 Desemba 1954 bahari iliingia hapa, baada ya mlinzi wa lango, Gerlof Boonstra, kusahau kulifunga. Watu kumi na mmoja walikufa.' Halafu yanafuata majina yao. Herufi za dhahabu."

"Kusahau?" Bibi Aukje aliuliza.

"Ndivyo ilivyokuwa, Bi Aukje. Miaka sabini imepita, hakuna anayemlaumu mtu."

"Nani kakwambia alisahau?"

"Ipo kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni. Dunia nzima inaisoma." Foppe aligeukia dirishani. "Si ndiyo, Durk? Wewe ndiye mwenyewe huko."

Durk Haisma, mume wa Tjitske, alikuwa ameketi pale dirishani mbele ya kompyuta yake. Aligeuka nusu. "Kwa mujibu wa vyanzo vilivyopo," alisema, na hakumalizia.

Bibi Aukje hakumtazama. "Sikiliza, Foppe. Nilikuwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyeshika taa baba anazungusha ule mkono wa chuma. Lango lilifungwa nikiliona kwa macho haya mawili. Lililovunjika ni lango lenyewe, mbao zilikuwa zimeoza. Baba aliiandikia Bodi ya Maji barua tatu aletewe mbao mpya. Hawakumjibu hata moja."

"Ulikuwa mtoto, Bi Aukje."

"Nilikuwa mtoto mwenye macho. Tjitske, niletee daftari."

Daftari lilikuwa kwenye droo, limefungwa kwa kitambaa cha kukaushia vyombo. Ni daftari la lango, ambalo mlinzi alikuwa akiandika kila siku saa za kufungua na saa za kufunga. Ukurasa wa mwisho umeandikwa kwa penseli: *Saa kumi na dakika hamsini jioni. Lango limefungwa. Upepo kaskazini magharibi, mkali sana. Aukje kashika taa.*

Foppe alisoma, akacheka kidogo puani. "Sasa mlinzi angejiandikia nini? Kwamba amesahau?"

Hakuna aliyecheka naye. Akainuka, akavaa koti. "Mimi sina neno na mtu. Fundi anaanza kuchonga Jumatatu ya tarehe ishirini na tano Novemba, saa mbili asubuhi. Ensaiklopidia ikibadilika kabla ya hapo, kamati nayo itabadilika. Lakini kamati haiwezi kwenda kwa maneno ya mama mmoja na daftari la jikoni. Kesho watatucheka."

Ilikuwa katikati ya Oktoba. Bibi Aukje alikuwa na wiki sita za kumzuia baba yake asichongwe kwenye jiwe kama muuaji mzembe, na mtu pekee wa kumsaidia alikuwa mkwe wake.

Basi tumseme huyo mkwe.

Durk alikaa miaka thelathini dirisha la vibali kwenye halmashauri yetu. Hakuna mtu wa Lutkezijl ambaye hajawahi kurudishiwa fomu na Durk Haisma, kwa sababu amesaini kwa wino wa bluu badala ya mweusi, au amepima banda lake la kuku kwa hatua badala ya mita. Halmashauri ilipomstaafisha mapema tulichangia keki, na tuliichangia kwa moyo mweupe kabisa. Tulidhani tumempumzisha. Kumbe tayari alikuwa ameipata ensaiklopidia, mahali ambapo watu wa aina yake wamekusanyika kwa hiari yao, bila mshahara, kurudishiana fomu.

Ana mabadiliko laki moja na elfu arobaini huko, na anaweza kukutajia idadi hiyo bila kuulizwa. Mengi ni koma. Aliwahi kugombana miezi minne na mtu anayejiita Torenvalk kuhusu kinu cha upepo cha kijiji jirani, kama kiliezekwa mwaka 1781 au 1782, na walipofikia suluhu waliandika "karibu mwaka 1781" wakapongezana kama waliopatanisha mataifa. Hawajawahi kuonana. Durk anamheshimu Torenvalk kuliko anavyomheshimu mtu yeyote anayekula naye meza moja.

Siku ile Foppe alipoondoka, Bibi Aukje alikisogeza kigari chake mpaka dirishani.

"Mkwe wangu. Si wewe ndiye unayeandika humo?"

"Ninahariri, Mama. Kuandika na kuhariri ni vitu viwili."

"Haya, hariri. Futa hilo neno 'kusahau', andika 'mbao zilivunjika'. Maneno mawili tu."

"Hayafutwi hivyo. Lina chanzo chini yake, gazeti la wiki la mwaka elfu mbili kumi na nne. Nikitaka kubadilisha lazima nilete chanzo kingine."

"Mimi hapa."

"Mama, wewe si chanzo."

Alilisema kwa upole, kama daktari, na ule upole ndio uliokuwa mbaya zaidi.

"Kama si chanzo, mimi ni nani?"

"Kwa taratibu za kule, wewe ni utafiti binafsi."

"Na daftari?"

"Ni hati ya awali ambayo haijachapishwa."

"Na baba yangu?"

"Baba yako," Durk alisema, "ni mada."

Tjitske alikuwa anaosha vikombe. Alilifunga bomba, akaja akiwa na povu mikononi. "Durk, huyu ni mama yangu unazungumza naye, si mtu wa fomu."

"Ndiyo maana siwezi kugusa! Ni familia yangu. Kuna kitu kinaitwa mgongano wa maslahi. Mtu haandiki habari za ukoo wake. Na mwezi ujao jina langu linapigiwa kura kuingia Kamati ya Usuluhishi. Watu saba tu nchi nzima. Wakiniona napigania babu yako, wataniambia nini?"

"Watakuambia una moyo," Tjitske alisema.

"Hawasemi vitu kama hivyo," alisema Durk, na safari hii alikuwa na chanzo cha kutosha.

*

Tjitske ni mpishi katika nyumba ya wazee kwenye mji wa pili. Si mtu wa mitandao. Lakini siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, akiwa bado na aproni, alikaa kwenye kompyuta ya ofisi ya wauguzi, akatafuta ukurasa wa kijiji chetu, akabonyeza pale pa kuhariri, na kuandika kwa kidole kimoja: *Mlinzi alilifunga lango saa kumi na dakika hamsini jioni. Mbao zilikuwa zimeoza na Bodi ya Maji ilijua.* Akahifadhi. Akasimama kwenda kukoroga sufuria kubwa la supu ya dengu, akiwa na furaha ya mtu aliyepanga kitanda vizuri.

Supu haikuwa imechemka maneno yake yalipofutwa. Zilipita dakika nne. Chini yake palikuwa na ujumbe kutoka kwa Torenvalk:

*Karibu kwenye ensaiklopidia! Tunathamini ari yako. Hata hivyo mchango wako hauna chanzo na una lugha ya kushutumu. Tafadhali soma kurasa kumi na tatu za mwongozo kabla ya kujaribu tena. Je, wewe ni ndugu wa mhusika?*

Tjitske aliandika: *Ndiyo, ni babu yangu.*

Lilikuja jibu papo hapo, lenye alama nyekundu: *Asante kwa uwazi. Basi tunakuomba usiuguse tena ukurasa huu.*

Miaka thelathini amelisha watu wasiojikumbuka majina, na hata hao walikuwa hawamfukuzi hivyo. Muuguzi mmoja mtu mzima, Fetsje, aliyekuwa anakunywa chai pembeni, alisogea kutazama.

"Bonyeza pale pa historia," alisema. "Mwanangu wa kiume alinionyesha. Humo kila aliyeandika anaonekana, na siku aliyoandika. Angalia nani alianza huo uchafu."

Tjitske alibonyeza. Orodha ilikuwa ndefu, ikamlazimu kushuka na kushuka. Mwaka 2014, mwezi wa Desemba, mtu alikuwa ameweka gazeti la wiki kama chanzo. Mwaka 2012 mwingine alikuwa ameweka alama kwenye sentensi ile: *chanzo kinahitajika*. Na mwaka 2011, tarehe tatu Machi, sentensi yenyewe ilikuwa imezaliwa, pamoja na jina la babu yake, bila chanzo chochote. Aliyeiandika mwaka 2011 na aliyeleta gazeti mwaka 2014 walikuwa mtu mmoja. Haisma_D.

Fetsje alikuwa akijua jina la ukoo la mwenzake. Aliinua kikombe chake, akaondoka kimya kimya bila kumaliza chai.

*

Nyumba ile hula saa kumi na mbili jioni, na siku hiyo ilikuwa viazi vya kuponda na sukumawiki, na soseji juu. Tjitske alipakua sahani tatu. Aliweka soseji kwenye mbili.

"Yangu iko wapi?" Durk aliuliza.

"Una chanzo kwamba huwa unakula soseji?"

Durk aliweka uma chini. Alimtazama mama mkwe wake, akamtazama mkewe, akaona yameshajulikana, na usoni hakupata haya kwanza. Alipata hesabu. Alikuwa anatafuta kifungu.

"Nilikuwa naanza tu," alisema. "Nilikuwa sijajua taratibu."

"Nani alikwambia babu alisahau?"

"Ilikuwa inasemwa."

"Na nani?"

"Mkahawani. Pale kwenye biliadi. Marehemu Oene alikuwa anasimulia."

"Oene!" Bibi Aukje alisema. "Oene mwaka hamsini na nne alikuwa hajazaliwa! Baba yake ndiye aliyekuwa karani wa Bodi ya Maji. Ndiye aliyekuwa anazipokea zile barua za mbao."

Soseji za wengine zilikuwa zinapoa.

"Halafu lile gazeti," Tjitske alisema. "Lilipata wapi?"

Jibu lilikuwa mezani. Mwandishi wa gazeti la wiki alipotakiwa kuandika habari za miaka sitini ya mafuriko alifanya wanavyofanya wote, akafungua ensaiklopidia akanakili. Durk akalisoma gazeti, akafurahi kwa dhati kabisa, maana sentensi yake iliyokuwa imekaa miaka miwili na alama ya aibu sasa imepata chanzo. Akalitia gazeti pale chini, akaifuta alama. Alikuwa amekopi maneno yake mwenyewe yakiwa yamevaa koti la mtu mwingine, na hakuyatambua. Tunapenda kusema hakuyatambua. Sisi tunaomjua hatuna hakika.

"Ulijua ni babu yangu," Tjitske alisema. "Mwaka elfu mbili kumi na moja tulikuwa na miaka kumi na mitano ya ndoa. Ulijua, ukaandika."

"Ndiyo maana niliandika!" Durk alipaza sauti. "Kama ningeacha wangesema napendelea. Nilitaka nionekane sina upande."

Bibi Aukje alikata soseji yake nusu, akaitafuna taratibu mpaka ikaisha, akafuta mdomo.

"Haya, mtu usiye na upande," alisema. "Waambie wenzako uliyoyafanya. Sitaki zaidi ya hapo."

"Nitawaambia, Mama. Ila kura zinafungwa Jumapili ya tarehe ishirini na nne, saa sita mchana. Nikisema kabla ya hapo wataninyima kiti. Nikisema mchana ule ule, fundi anaanza Jumatatu, tutakuwa tumewahi."

"Wiki tano," Tjitske alisema. "Unataka mama akae wiki tano akisubiri kura zako."

"Fundi hachongi wiki tano hizo. Jiwe liko vilevile. Kuna hasara gani?"

Ndivyo alivyouliza, mbele ya mwanamke aliyeshika taa.

*

Kura zilifungwa. Durk alishinda kwa kura mbili. Kwa dakika ishirini alikuwa mjumbe wa Kamati ya Usuluhishi, na tunaambiwa alizitumia dakika hizo kubadilisha ukurasa wake binafsi na kuweka nembo. Kisha Tjitske akaja akasimama nyuma ya kiti chake, mikono kifuani, na Durk akaandika.

Tumhesabie hilo, aliandika yote. Kwamba mwaka 2011 alisikia mkahawani. Kwamba hakuwa na chanzo. Kwamba gazeti lilinakili kwake naye akalinakili gazeti. Kwamba kuna shahidi aliye hai na daftari la lango, na kwamba anaomba sentensi ifutwe leo hii, kwa kuwa kesho asubuhi inachongwa kwenye jiwe.

Torenvalk alijibu baada ya dakika tisa.

*Ndugu Haisma, nimesikitika. Hata hivyo tusichanganye mambo. Kwanza, historia ya ukurasa inaonyesha kwamba uliandika. Haionyeshi kwamba gazeti lilinakili kwako. Gazeti linaweza kuwa na chanzo kingine. Pili, madai yako kuhusu wewe mwenyewe hayajachapishwa popote, kwa hiyo hayawezi kutumika. Tatu, umetangaza kwamba mhusika ni ndugu wa mkeo. Una mgongano wa maslahi. Nne, jiwe si hoja. Mjadala utakaa wazi siku saba kama ilivyo desturi.*

"Mwambie ni wewe!" Tjitske alisema. "Ni wewe uliyebuni! Anataka nani mwingine?"

*Ni mimi niliyebuni*, Durk aliandika.

*Una chanzo?* Torenvalk akauliza.

Durk alimpigia simu mwandishi wa gazeti la wiki, Renske, ambaye siku hizi anauza nyumba. Aliweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Miaka kumi, bwana," Renske alisema. "Nakumbuka nilikuwa na mafua. Bila shaka nilitazama mtandaoni, nani hatazami? Lakini siwezi kuapa."

"Unaweza kuandika hivyo? Kwamba ulitazama mtandaoni?"

"Nikaandike kwamba nilikuwa mvivu? Niko na wateja, bwana. Waulize gazeti wasahihishe."

Gazeti, Jumatatu saa tisa alasiri, lilisema halisahihishi habari ya miaka kumi bila ushahidi uliochapishwa, na likauliza kama ensaiklopidia inasemaje. Wakati huo fundi alikuwa amekwisha kuchonga mpaka herufi ya B ya Boonstra. Durk alikwenda karakana kwa baiskeli, kwenye mvua, akamkuta Foppe huko amevaa skafu yake.

"Msimamishe, Foppe. Nakuomba. Ni uongo, niliuandika mimi."

"Ukurasa umebadilika?"

"Bado. Kuna siku saba za mjadala."

Foppe alitazama simu yake, akaifungua ensaiklopidia pale pale kuhakikisha, maana naye ni mtu makini. "Bado unasema vilevile," alisema. "Durk, mwaka elfu mbili na sita ulinirudishia ramani ya banda langu mara tatu, kwa sentimita nne. Mara ya tatu ulinionyesha kidole kwenye karatasi, ukasema, 'Foppe, kilichoandikwa ndicho kilichopo.' Nilikwenda nyumbani nikalivunja banda."

Fundi alikuwa ameshaanza O.

Siku saba zilipokwisha, wanne walipinga kufutwa kwa sentensi na mmoja aliunga mkono, na huyo mmoja alikuwa Durk, ambaye kura yake haikuhesabiwa. Alizuiwa kuugusa ukurasa wa Lutkezijl. Alishauriwa, kwa heshima ya kamati, ajiuzulu kiti. Alijiuzulu. Wakamshukuru kwa miaka yake kumi na mitatu na wakamtumia picha ya beji.

*

Jiwe lilizinduliwa Jumatatu ya tarehe tisa Desemba, saa nane mchana, juu ya tuta, kwenye upepo unaokata masikio. Palikuwa na bendi ya shaba na hema la kahawa. Kondoo wa tuta walisogezwa kando wasije wakaharibu heshima. Tulikuwa watu kama mia na hamsini, na karibu wote tulikuwa tumeshasikia habari yote, maana Fetsje alikuwa amewaambia wawili tu.

Tulijua, tukaja, tukanywa kahawa. Hilo nalo liandikwe.

Bibi Aukje alikuja akiwa amevaa koti lake jeusi, Tjitske pembeni. Durk alitembea hatua tatu nyuma yao. Watu walimpisha bibi mpaka mbele kabisa, wakidhani ndivyo anavyotaka. Foppe alivuta kitambaa, herufi za dhahabu zikaonekana, na bendi ikaanza.

Hapo Bibi Aukje alikigeuza kigari chake. Polepole, gurudumu kwa gurudumu kwenye majani yaliyolowa, akajigeuza mwenyewe mpaka mgongo wake ukalielekea jiwe na uso wake ukatuelekea sisi. Akafunga breki za kigari. Akasimama hivyo.

Walisoma majina kumi na moja. Aliinamisha kichwa kwa kila jina, maana wanne kati yao alikuwa akicheza nao. Kisha wakasoma maneno ya juu ya jiwe, na walipofika kwenye jina la baba yake, alikiinua. Mwakilishi wa Bodi ya Maji alizungumza dakika kumi na tano kuhusu mafunzo tuliyoyapata. Mchungaji akaomba. Aliomba wakiwa wamefumba macho wote isipokuwa Bibi Aukje, aliyekuwa akitutazama mmoja mmoja kama mwalimu anayehesabu waliotoroka. Alikaa amesimama dakika arobaini, mwanamke mwenye nyonga ya chuma, na hakuna aliyethubutu kumletea kiti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Baadhi yetu tulijifanya ni upepo.

Mtu mmoja mgeni, mwenye koti la mvua la kijani na kamera nzuri, alipiga picha.

*

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kahawa, Durk alifungua ukurasa wa Lutkezijl. Kugusa alikuwa hawezi, kusoma alikuwa anaruhusiwa. Kulikuwa na picha mpya. Imepigwa kwa ustadi. Jiwe liko nyuma, herufi za dhahabu zinasomeka zote, na mbele yake amesimama mwanamke mzee wa heshima, amelitazama moja kwa moja jicho la kamera, machozi mashavuni. Chini yake paliandikwa: *Binti wa mlinzi wa lango akiwa mbele ya jiwe la ukumbusho, Desemba 2024.*

Sentensi ya Durk ilikuwa palepale. Mwishoni mwake, baada ya namba ya gazeti, palikuwa na namba ya pili, inayoelekea kwenye jiwe. Torenvalk alikuwa ameacha neno kwenye ukurasa wa majadiliano: *Sasa tuna vyanzo viwili vinavyojitegemea, na familia imehudhuria bila kupinga. Nafunga mjadala.*

Durk alilisoma mara nyingi. Kisha alikunja kompyuta, akaenda mpaka chumba cha nyuma, akagonga, akaingia. Bibi Aukje alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi miguuni, daftari la lango mapajani.

"Wameweka picha yangu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nisomee waliyoandika."

Durk alifungua kompyuta. Halafu mtu huyu, mwenye mabadiliko laki moja na elfu arobaini, ambaye hajawahi kumwachia mtu koma, akasoma maneno ambayo hayakuwepo.

"'Gerlof Boonstra,'" alisoma, "'alilifunga lango saa kumi na dakika hamsini jioni. Mbao zilikuwa zimeoza. Binti yake alikuwa ameshika taa.'"

Alisubiri. Tunadhani alikuwa anasubiri kusamehewa.

Bibi Aukje alikuwa anatazama nje, kwenye tuta.

"Tjitske ameshanisomea," alisema. "Toka, mkwe wangu. Na ukitoka ufunge mlango. Kwetu tulikuwa tunafunga."